Kila Mtoto na Jino Lake

Mama yangu, Nicolasa Ixpatá, alikuwa na mapengo saba mdomoni, na kila pengo alilipa jina. Ukimkuta ameketi kizingitini anasuka mkeka, moyo wake umetulia, angekufungulia mdomo akutambulishe, kama mtu anayekutembeza makaburini kwa jamaa zake. "Huyu wa mbele ni Fabiana," angesema, akichomoza ncha ya ulimi kwenye pengo la juu. Fabiana ni mimi. "Huyu wa pembeni yake ni Delfina. Hawa wa nyuma ni wale wasiokaa." Tulizaliwa saba, tukabaki wawili. Kwetu Rabinal ilijulikana kwamba kila mtoto huja na jino lake, yaani akizaliwa huondoka na jino moja la mama yake, na sikumjua mwanamke aliyelibishia jambo hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezaa wawili na kung'oka mawili. Aliyezaa wanne na bado ana meno yote tulimtazama kwa jicho la pembeni, kama mtu aliyetoka sokoni na kikapu kimejaa bila kufungua mkoba.

Mama alikuwa mkunga. Kwetu mkunga hafundishwi, huitwa. Yeye aliitwa akiwa na miaka kumi na tisa, alipougua miezi miwili bila kuinuka, akaota ndoto bibi kizee anampa kitambaa cheupe na mkasi. Alipokubali kuvipokea, homa ikamwachia. Anayekataa hufa, kwa hiyo hakukuwa na mjadala. Alikuwa na mikono midogo kama ya msichana, na mikono hiyo ilikuwa inajua kumgeuza mtoto tumboni kwa kumpapasa tu, taratibu, huku mdomo ukiwatukana wanaume waliosimama mlangoni. Mlevi alifukuzwa naye kwa fagio. Padri aliambiwa naye asubiri nje kama wengine. Katika vijiji vyote vya upande wetu wa mto hakuna mwanamke aliyekuwa amemfia mkononi, na hilo alilisema bila majivuno, kama mtu anayesema hajawahi kuunguza tortila, ule mkate wetu mwembamba wa mahindi.

Nasema haya mapema ili mtu asije akamdhania mama yangu mjinga. Hakuwa mjinga. Nimekutana na wajinga wengi, baadhi yao wamevaa makoti meupe, najua tofauti.

Kwake yeye vyakula vyote vilikuwa mafungu mawili, vya moto na vya baridi, na hili halikuhusu kabisa kama kitu kimetoka jikoni au la. Supu ya kuku ilikuwa moto hata ikilala. Chokoleti, kahawa na tortila, moto. Chungwa lilikuwa baridi hata ukilichuma juani saa sita mchana. Ndimu, nyanya, maharage, mnavu na nyama ya nguruwe, vyote baridi. Mwanamke aliyezaa amemwaga damu, na damu ndiyo moto wa mwili. Kwa hiyo amebaki kama nyumba isiyo na mlango. Baridi ikimwingia, maziwa hukauka, tumbo humuuma mpaka uzeeni, au hufa. Basi siku arobaini alikula vya moto tu na kuogeshwa mvuke ndani ya tuj, kile kijumba kifupi cha mawe na udongo ambacho kila ua una chake, mtu anaingia kwa kutambaa. Hata pilipili alinyimwa, ingawa ni moto, kwa kuwa ingemchoma mtoto kupitia maziwa. Sote tulipita humo. Ikiisha arobaini unatoka, unakula chungwa lako la kwanza mbele ya watu, na watu wanashangilia.

Na machungwa kwetu ndiyo maisha. Kila ua una michungwa. Kuanzia Novemba mpaka Machi hakuna mahali utaweka kikapu chini pasiwe na chungwa. Mimi nilikuwa na mashine ya kumenyea, ile ya kuzungusha kwa mkono, na siku za soko nilikaa uwanjani nikiuza machungwa yaliyokatwa nusu, nimeyanyunyizia chumvi na unga wa mbegu za maboga. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Nilikuwa naisema methali hiyo kwa mzaha, juu ya mume wangu na uzio wetu uliolala chini.

Delfina alikuwa mdogo wangu kwa miaka sita. Alikuwa anacheka kinywa wazi, jambo ambalo mama alilikataza na hakulishinda. Meno yake yalikuwa mazuri mno. Uzi alikata kwa meno, muwa alimenya kwa meno, mafundo ya kamba yaliyotushinda tulimpelekea yeye. Aliolewa na Eligio Cuxum, kijana mpole, fundi wa kupiga marimba na kusahau alipoweka panga lake. Mwezi Novemba Eligio aliteremka pwani kukata miwa kama wanaume wengine wote, arudi Aprili, na Delfina mwenye mimba akahamia kwa mama, hatua tano kutoka mlangoni kwangu.

Mimba ile ilikuwa mbaya. Alitapika kuanzia mwezi wa pili mpaka wa tisa. Kilichokaa tumboni kilikuwa tortila na chumvi, na kahawa. Mwishoni mwa Novemba akajifungua mtoto wa kiume, Marcelino, na nyuma ya mtoto ikaja damu ambayo sijapata kuona. Mama alipigana nayo tangu alfajiri mpaka jua la adhuhuri, ngumi yake tumboni mwa mwanawe, anamwomba Bikira kwa sauti na kumtishia kwa sauti hiyohiyo. Damu ikasimama. Nilimwona mama akikaa sakafuni na kutetemeka, mara yangu ya kwanza.

"Amebaki ganda," aliniambia. "Moto wote umekwisha, Fabiana. Tutamjaza upya, kidogokidogo."

Akauza nguruwe wake anunue kuku. Kila siku Delfina alipata supu iliyochemka mpaka mifupa inavunjika, tortila za mahindi mapya, na chokoleti ambayo mama mwenyewe hajainywa toka harusi yake. Kama upendo ungekuwa chakula, mdogo wangu angenenepa.

Wiki ya tano aliuma tortila akaiweka chini haraka. Nikaona alama nyekundu pale alipouma. Fizi zilikuwa zimevimba, rangi ya zambarau, zimeanza kupanda juu ya meno. Siku chache baadaye jino la mbele likaanza kucheza.

Jirani yetu, Bi Jeronima, ambaye alikuwa anatuletea kuni na maneno, alipiga makofi. "Haya! Marcelino kaja kudai chake! Mpe, mwanangu, usimcheleweshe, deni la mtoto halikwepeki."

"Jamani, lakini si angechagua la nyuma?" Delfina alisema. "Nitachekaje mie?"

"Utacheka kama mama yako, kwa upande."

Mama akamfungulia mdomo wake, akamwonyesha lile pengo la pembeni. "Unaliona? Hili ni wewe. Ulilichukua ungali na wiki tatu, na sijalijutia hata siku moja." Delfina akaingiza kidole kwenye pengo la mama, wote wawili wakacheka mpaka mtoto akaamka.

Karibu na siku ya thelathini na tano mama aliitwa kuzalisha ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimerudi sokoni. Delfina aliniita kutoka kitandani.

"Dada. Njoo karibu. Karibu zaidi." Akanishika mkono akaunusa. "We unanukia machungwa mpaka mate yananidondoka. Nipe moja."

"Bado siku tano. Ngoja kidogo, mdogo wangu."

"Siwezi. Naota machungwa, dada. Jana nimeota nakula mti, na majani yake."

Nilicheka. Nikamwangalia, nikaacha kucheka, nikamletea moja. Alilila akiwa ameegemea ukuta, macho amefumba, maji yakimtiririka kidevuni. Fizi zilimchoma, machozi yalimtoka, lakini hakuacha mpaka akabaki analamba vidole.

"Linauma," alisema. "Nipe jingine."

"Mlafi we. Kesho."

Jioni ile Marcelino alilia. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Watoto wachanga huwa hivyo, wangu wote wawili walikuwa hivyo, lakini mama aliporudi hakuanza na mtoto. Alichukua mkono wa Delfina akaunusa. Kisha akanitazama mimi.

"Ni mimi, mama," nilisema.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alikaa kitandani, mikono yake midogo imelala mapajani. "Nilimtoa kaburini kwa ngumi hii," alisema. "Wewe unamrudisha kwa chungwa? Unataka kumuua mdogo wako, Fabiana?"

Nikapiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira, nikaapa sitampa tena kitu cha baridi mpaka mama mwenyewe aseme. Nikaapa kwa watoto wangu. Na kwa kuwa baridi ilikuwa imeingia, arobaini ikaanza kuhesabiwa upya, siku ya kwanza.

Siku tatu zilizofuata Delfina alikuwa mchangamfu. Aliinuka, akasuka nywele, akaimba. Fizi zilipungua damu. Sote tuliliona hilo na hatukulitazama. Tulikuwa tunatazama tumbo la mtoto.

Baada ya hapo mambo yaliharibika haraka. Jino la mbele lilitoka lenyewe ndani ya tortila, bila maumivu. Wiki moja baadaye likatoka la pili.

"We Delfina," Bi Jeronima alisema mlangoni, "umezaa mapacha ukatuficha mmoja?"

Watu wakacheka. Delfina naye alicheka, ila safari hii alifunika mdomo. Lilipotoka la tatu hakucheka mtu, na Bi Jeronima akaweka kuni chini akaondoka bila neno. Mtoto mmoja, meno matatu. Hesabu hiyo haikuwepo kwetu.

Mama alisema baridi imekaa mdomoni, inashuka miguuni. Kweli miguu ilikuwa imejaa madoa ya bluu na nyeusi, kama mtu aliyepigwa. Halafu likatokea jambo lililomtisha mama kuliko meno. Delfina alikuwa na kovu mguuni, alikatwa na panga akiwa na miaka saba. Kovu lile likafunguka. Miaka kumi na tatu limepona, likafunguka kama limekatwa jana. Watu wakaanza kunong'ona kuhusu uchawi, na kuulizana ni mwanamke gani aliyemtaka Eligio zamani. Mama hakusikiliza uchawi. Aliongeza moto. Kuku wengine, tuj kila siku ya pili, na arobaini ikahesabiwa upya mara ya tatu.

Mimi niliendelea kumenya machungwa hatua tano kutoka kitandani kwake. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo, na ganda lilikuwa linateremka refu, halikatiki, na mlango wao uko wazi.

"Dada," aliniambia siku moja. Alikuwa anazungumza kwa shida, ulimi unakwepa vidonda. "Kipande tu."

"Nimeapa, Delfina."

"Ulimwapia mama. Mimi hukuniapia."

"Niliapa kwa watoto wangu. Usinifanyie hivyo."

"Basi nipe ganda. Nilinuse tu. Kunusa si kula."

Nikampa nusu ya ganda. Alilibana puani kwa mikono miwili. Na mimi nilisimama pale juu yake, namlinda kama askari, asije akalitafuna. Nilipoona ameshiba kunusa nikalichukua nikalitupia kuku. Nimeungama dhambi nyingi kwa padri, na hii nimeshaiungama mara nne. Kila mara ananiambia si dhambi. Padri hajui kitu.

Watoto huambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu.

Alhamisi ya mwisho ya Februari niliteremka sokoni na kikapu changu, lakini sikwenda uwanjani. Nilikwenda kituo cha afya. Mama alikuwa hapendi kituo. Muuguzi wa kwanza waliyetuletea aliwaita wakunga wetu wachafu, mbele ya waume zao, na mama alisema hatakanyaga tena pale hata akiwa amebebwa. Lakini muuguzi huyu alikuwa mwingine, msichana wa mji mkuu, anaitwa Amparo, mwenye haraka na asiyejua kutabasamu. Nilimweleza fizi, meno, madoa, kovu. Aliandika mpaka nilipofika kwenye kovu, akaacha kuandika.

"Anakula nini?"

"Supu ya kuku. Tortila. Chokoleti."

"Matunda?"

"Hapana, muuguzi. Amezaa."

"Amezaa lini?"

"Novemba."

"Mboga? Nyanya? Ndimu hata tone?"

"Hapana."

Akanitazama, kisha akatazama chini miguuni kwangu. "Humo kwenye kikapu mna nini?"

"Machungwa."

"Mna nini?" aliuliza tena, kama hakusikia.

"Machungwa, muuguzi. Nauza machungwa."

Akajifunika uso kwa kiganja. Nilidhani ananicheka. Aliponionyesha uso wake hakuwa anacheka. Alinieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto, na sikuudhika. Mwili, alisema, umesukwa kama mkeka, na ndani ya chungwa mna vitamini ambayo ndiyo inayoushika ule msuko usifumuke. Mwili hauwezi kuitengeneza, lazima uile. Ukikaa miezi bila kuila, unaanza kufumuka, na unaanzia mdomoni, kwa sababu fizi ndizo zinazojisuka upya kila siku. Meno hukosa cha kuyashika. Makovu ya zamani hufunguka. Wengi wetu tuliponea kwa kuwa siku arobaini huisha. Za Delfina hazikuisha, na alianza akiwa mtupu, tangu kwenye ile mimba ya kutapika.

"Na jino la mtoto?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo, nadhani nilitaka kubaki na kitu.

"Hakuna mtoto anayechukua jino," alisema. "Mwenye mimba fizi humvimba, anatapika, hali vizuri, na hakuna anayemtazama mdomoni. Jino linaoza au fizi zinaliachia. Chokaa mnayochemshia mahindi ya tortila hukaza mifupa, ndiyo imewaachia hata hayo mliyo nayo." Akasimama. "Sikiliza. Mpe chungwa leo. Ukifika tu, mpe, hata maji yake. Wiki moja utamwona mtu mwingine. Lakini asiogeshwe mvuke. Asinyanyuliwe haraka. Moyo wake nao umechoka. Nikimaliza foleni hii nakuja mwenyewe."

Wiki moja. Alisema wiki moja.

Kutoka mjini kwenda kwetu ni mwendo wa saa mbili, mlima mtupu. Kikapu nilikiacha palepale kituoni, nikachukua machungwa sita kwenye khanga ya mgongoni, moja mkononi. Hilo la mkononi nililimenya kwa kucha nikikimbia, ili nikifika nisipoteze muda wa kumenya. Nilikuwa nazungumza peke yangu njiani. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama, kwa sababu nilijua atakataa, na niliamua nitamsukuma. Naam, mama yangu mzazi, nitamsukuma ukutani na kumwekea Delfina chungwa mdomoni, na anilaani akitaka. Nilikuwa tayari. Sijawahi kuwa tayari kwa jambo lolote kama siku ile.

Nilipopinda kona nikaona moshi unatoka kwenye tuj.

Wanawake walikuwa wamesimama uani. Bi Jeronima amejifunika mdomo. Mama alikuwa ameketi chini, mbele ya kile kilango kifupi, miguu ameinyoosha, amempakata Delfina aliyefungwa khanga iliyolowa. Alikuwa anamfuta uso kwa kiganja, taratibu, kama alivyokuwa akiwafuta wote waliozaliwa mikononi mwake.

"Alisema anasikia baridi," mama aliniambia. "Nikasema nimpashe kidogo tu. Aliingia vizuri. Alipoinuka kutoka, akasema 'mama,' akakaa. Amekaa hivi."

Nikamgusa. Alikuwa wa moto bado, kwa sababu ya mvuke. Hilo chungwa lililomenywa sijui nililiweka wapi.

Amparo alifika alasiri, amepanda na viatu vyake vya mjini. Alimfunua Delfina midomo, akatazama, akamfunika. Kisha akamgeukia mama na kuvuta pumzi, na nikamdaka mkono kabla hajasema, nikamvuta nyuma ya nyumba.

"Usimwambie."

"Lazima ajue. Yeye ni mkunga. Kesho atafanya hivihivi kwa mwingine."

"Usimwambie leo. Ukimwambia leo tutazika wawili."

Alikasirika, niliona, lakini alinyamaza. Eligio alifika siku tisa baadaye, barua ilichelewa huko mashambani. Alisimama mlangoni na kofia mkononi akauliza, "Kwani ilikuwaje?" Mama akamjibu, "Baridi, mwanangu. Baridi ilimwingia." Na mimi nilikuwepo, namnyonyesha Marcelino, maana binti yangu alikuwa hajaacha ziwa, na niliinamisha kichwa.

Mwaka mzima mama hakuzalisha. Kitambaa chake cheupe alikikunja akakiweka chini ya mto. Waliokuja kumwita aliwaambia mikono yake imekufa. Nami nikafurahi, Mungu anisamehe, kwa kuwa alipokuwa hafanyi kazi sikuwa na lazima ya kusema. Niliona hiyo ndiyo njia: atazeeka na mkeka wake, ataondoka bila kujua, nami nitaondoka na siri yangu, na tutakutana huko mbele atakapoambiwa na Delfina mwenyewe.

Lakini mkunga aliyeitwa akikataa hufa, na mama alianza kukonda. Januari iliyofuata mkwe wa Bi Jeronima, kibinti cha miaka kumi na saba, alishikwa na uchungu mtoto amekaa vibaya, na Bi Jeronima akaja kupiga magoti uani kwetu. Mama akakitoa kitambaa. Alimgeuza yule mtoto, akamtoa salama, akarudi nyumbani macho yanang'aa kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

"Amekuwa vizuri," aliniambia. "Na huyu sitacheza naye, Fabiana. Delfina amenifunza. Arobaini ni kidogo mno. Nimewaambia miezi minne. Miezi minne hagusi cha baridi, hata nyanya, hata ndimu. Nitakwenda kumnusa mikono mwenyewe kila siku."

Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Marcelino alikuwa kati yetu, anatambaa, anajaza punje mdomoni kwenye meno yake manne. Nilimwondoa punje moja, nikaondoa na nyingine. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kazi. Kisha nikasema. Nilisema yote aliyoniambia Amparo, kwa mpangilio uleule, mkeka na msuko na makovu, na moyo, na mvuke. Sikumtazama. Nilipomaliza nikasikia punje zinaendelea kudondoka kwenye ungo, moja, moja, halafu zikaacha.

Mama aliinuka, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka. Nilimfuata, mtoto mgongoni. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Jeronima, hakubisha hodi. Alisimama katikati ya chumba, mkwe yuko kitandani na kichanga chake, mume yupo, jirani wawili wapo.

"Mpeni matunda," alisema. "Mpeni mboga. Kuanzia leo. Niliyowaambia ndiyo yaliyomuua mwanangu."

"Bi Nicolasa, unasema nini?" Bi Jeronima aliuliza. "Si baridi?"

"Hakuna baridi. Ni mimi."

Akatoka. Tulirudi nyumbani. Alikaa mahali pake penye mahindi, mikono imelala mapajani, viganja juu. Nilitaka kumwambia hakujua, kwamba hakuna aliyejua, kwamba mama yake na bibi yake walifanya vilevile, lakini kila neno lilikuwa dogo.

"Lile chungwa moja," alisema hatimaye. "Ulilompa wewe. Baada yake alikuwaje?"

"Siku tatu aliimba, mama."

"Aliimba. Nakumbuka." Akatikisa kichwa. "Nilidhani ni kuku wangu."

Nikaanza kulia. Nilimwambia kwamba aliniomba tena, kwamba aliniomba mara nyingi, kwamba nilisimama juu yake asitafune ganda. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ananitazama usoni kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, bila hasira hata chembe.

"Mbona hukuniibia?" aliuliza. "Yalikuwa yamejaa ua mzima. Nilikuwa natoka kila siku. Mbona hukuniibia, mwanangu?"

"Nilikuapia, mama."

"Uliniapia," alisema. "Watu wote walikuwa wananisifia wewe. Nicolasa, una binti msikivu. Nami nilikuwa najivuna." Akapitisha kiganja juu ya mahindi, kama anayefuta kitu. "Nilikulea vibaya, Fabiana. Nilikulea unisikie."

Marcelino alikuwa amesinzia mgongoni kwangu. Nilitoka naye nje, nikaenda mpaka mwisho wa uzio, na huko ndiko nilikolia kwa sauti, mahali ambapo mama asingenisikia.